Juisi ya Papo Hapo na Juisi ya Kuchemsha: Tathmini ya Duka Moja la Ngamiani, Tanga

Katika eneo la Ngamiani, jijini Tanga, kuna duka dogo la juisi ambalo limenishughulisha kwa miezi mitatu sasa. Juisi yake si tamu kupita za wengine, lakini ni duka pekee ninalolijua mjini humu linalouza tunda lile lile kwa njia mbili na kumwachia mnunuzi achague. Upande wa kulia wa kaunta kuna mashine ya mkono ya kukamulia machungwa, blenda mbili na machujio. Hiyo ndiyo juisi ya papo hapo. Upande wa kushoto kuna friji ya mlango wa kioo iliyopangwa chupa za juisi iliyopikwa alfajiri kwenye jiko la gesi nyuma ya duka. Hiyo wateja wanaiita juisi ya kuchemsha. Glasi ya papo hapo inauzwa shilingi 1,500, na chupa ya kuchemsha yenye ujazo wa mililita 350 inauzwa shilingi 2,000. Jina la duka sitalitaja, kwa kuwa nina malalamiko mawili juu yake, na mwenye duka, mama wa makamo ambaye ameniita "mwalimu" tangu alipojua kwamba nimefundisha kemia, alinipokea kwa ukarimu mkubwa mno kulipwa kwa kuanikwa hadharani.

Siku ya kwanza nilipoingia nilikuta ubishi umepamba moto. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa akimwambia mwenzake kwamba juisi ikishapita jikoni imekufa, yamebaki maji ya sukari yenye rangi, na kwamba anayetoa shilingi 2,000 kwa chupa ile analipia gesi tu. Mwenzake akamjibu kwamba yeye alilazwa kwa homa ya matumbo baada ya kunywa juisi ya barabarani, na tangu siku hiyo hanywi kitu ambacho hakijaona moto. Tathmini hii inamhusu zaidi yule wa kwanza, kwa sababu imani yake nimeikuta kila mahali, hata kwa watu waliokwenda shule, na kwa sababu ndiyo inayoamua pesa za wengi zinakwenda upande gani wa kaunta.

Nilianza na nanasi, kwa kuwa nanasi halifichi siri. Nilinunua glasi ya papo hapo na chupa ya kuchemsha, nikaenda nazo nyumbani, nikakoroga kila moja na unga wa jeli ule unaotengenezwa kwa jelatini, kisha nikaziweka kwenye friji hadi asubuhi. Iliyotiwa juisi ya kuchemsha iliganda vizuri ikatetemeka kijikoni. Iliyotiwa juisi ya papo hapo ilibaki majimaji kama nilivyoiacha. Sababu ni bromelaini, kimeng'enya cha nanasi kinachokatakata protini, ambacho ndicho pia kinachowasha ulimi wa mtu aliyekula nanasi nyingi. Moto hukiua, na kikifa jelatini inabaki salama. Kwa hiyo kijana wa bodaboda ana ukweli wake: kuna kitu hufa kweli jikoni. Lakini bromelaini si lishe ambayo mwili hutegemea kuipata kutoka kwenye glasi, wala hakuna ugonjwa unaotokana na kuikosa. Kosa la imani hii ni kuchukua kifo cha kimeng'enya na kukihesabu kuwa kifo cha chakula kizima.

Tukihesabu chakula chenyewe, kitu kimoja kimoja, hali ni tofauti sana na inavyosemwa. Potasiamu, ambayo ni moja ya faida kubwa za juisi ya matunda, ni madini, na moto wa jikoni hauwezi kuiharibu hata juisi ikichemka mpaka ikauke. Sukari ya tunda inabaki ile ile. Nyuzinyuzi hupungua, lakini kinachozipunguza ni chujio, na chujio limo katika njia zote mbili. Karotini, ile rangi ya manjano ya embe ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huvumilia moto wa muda mfupi bila shida, na kwa kuwa joto hulainisha kuta za chembechembe za tunda, sehemu ya karotini huwa rahisi zaidi kufyonzwa, hasa mtu akiwa amekula chochote chenye mafuta kidogo. Vinavyoumia ni foleti, ambayo ni moja ya vitamini za kundi B, na vitamini C, na kati ya hivyo viwili vitamini C ndiyo dhaifu zaidi, kiasi kwamba watu wa maabara huitumia kama kipimo: ikiwa yenyewe imesalia, vingine vingi vimesalia pia.

Hapa ndipo ufundi wa kuchemsha unapoanza, na hapa ndipo wachemshaji wengi wa mitaani wanapoharibu mambo kwa nia njema. Watu hudhani kwamba moto mdogo ni wa huruma na moto mkali ni wa ukatili. Kwa juisi ni kinyume chake. Joto likipanda kwa nyuzi 10, vijidudu hufa kwa kasi iliyoongezeka karibu mara 10, ilhali vitamini C huharibika kwa kasi iliyoongezeka mara mbili au tatu tu. Maana yake ni kwamba ukienda juu upesi na kushuka upesi, umewamaliza vijidudu kabla vitamini haijapata muda wa kuumia. Ukikaa nusu saa kwenye moto wa wastani, umewapa wote wawili muda. Viwanda vikubwa vya juisi ya machungwa hupitisha juisi kwenye nyuzijoto 90 hadi 95 kwa sekunde chache, mara nyingi zisizozidi 30, kisha huipoza papo hapo, na kwa njia hiyo upotevu wa vitamini C katika hatua ya moto huwa mdogo, kwa kawaida chini ya sehemu moja ya kumi. Sufuria ya lita 20 iliyoachwa ikitokota wakati mpishi anafagia duka ni habari nyingine kabisa.

Nilitaka kujua juisi ya duka hili imesimama wapi kati ya mambo hayo mawili, nikafanya jaribio ambalo kila mwanafunzi wa sekondari analiweza. Unachemsha kijiko cha unga wa mahindi laini katika kikombe cha maji, unauacha upoe, unatia kijiko kimoja cha maji hayo ya wanga kwenye glasi yenye kipimo maalumu cha juisi, kisha unadondosha tone kwa tone dawa ya ayodini ya kupaka vidonda uliyoizimua kwa maji. Tone la kwanza linaacha wingu la bluu ambalo linapotea ukikoroga, kwa sababu vitamini C inaimeza ayodini. Linafuata la pili, la tatu, na unaendelea kuhesabu, hadi linafika tone moja ambalo bluu yake haiondoki tena. Juisi yenye matone mengi zaidi ina vitamini zaidi. Ni kipimo cha jikoni na sikidai kiwe kingine, na ningeonya kwamba hakifai kwa juisi iliyotiwa vihifadhi vya salfaiti, kwa sababu navyo humeza ayodini. Lakini kwa kulinganisha chungwa na chungwa kinatosha.

Machungwa yalikuwa ya Muheza, yale yanayobaki na ganda la kijani hata yakiiva, ambayo wageni kutoka mikoa ya baridi huyakataa wakidhani ni mabichi. Juisi ya papo hapo na juisi ya kuchemsha ya asubuhi hiyo hiyo zilitofautiana kwa matone mawili matatu tu. Nilirudia, nikapata hivyo hivyo. Kisha nikapima chupa ya kuchemsha iliyokuwa imekaa siku tisa, si kwenye friji bali kwenye rafu ya dirishani ambako mama huyo huweka akiba, na hapo bluu iliganda mapema sana, baada ya karibu nusu ya matone ya ile mpya. Zote mbili zilipita kwenye sufuria moja na moto mmoja. Iliyomaliza vitamini ni rafu: joto la Tanga la mchana, mwanga wa dirisha, na hewa iliyoachwa shingoni mwa chupa.

Nikapima pia, kwa udadisi tu, glasi ya papo hapo niliyoisahau mezani tangu saa nne asubuhi hadi jioni. Nayo ilikuwa imepungua. Matunda yana vimeng'enya vyake vinavyosaidia hewa kula vitamini C, na blenda, ambayo huchapa hewa ndani ya juisi mpaka inatoa povu, inavirahisishia kazi. Moto unapoua vimeng'enya hivyo unakuwa, kwa namna fulani, mlinzi wa kile unachosingiziwa kukiiba. Vimeng'enya vya namna hiyo ndivyo pia vinavyofanya juisi ya tufaha au ya parachichi isiyoona moto igeuke rangi ya udongo kabla hujamaliza mazungumzo.

Kwa mnunuzi wa kawaida hesabu ni hii. Mililita 100 za juisi halisi ya chungwa zina takriban miligramu 50 za vitamini C, na kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa mtu mzima ni miligramu 45 kwa siku. Anayekunywa glasi ya mililita 250 iliyopoteza hata theluthi moja ya vitamini yake bado amepata karibu mara mbili ya mahitaji ya siku hiyo. Ubishi wa pale dukani, kwa upande wa lishe, unagombaniwa juu ya ziada.

Sasa malalamiko. La kwanza ni kwamba mama huyu anachemsha kwa macho. Hana kipimajoto; anasubiri povu lipande ukingoni mwa sufuria, anazima. Siku nyingine povu hupanda mapema kwa sababu juisi ina makapi mengi, na juisi huzimwa kabla haijafika panapotakiwa. Nililijua hili bila kuingia jikoni kwake. Juisi ya machungwa ina kimeng'enya kinachoshambulia pektini, na pektini ndiyo inayoifanya juisi iwe na ukungu ule mzito. Kimeng'enya hicho kikiwa hai, juisi iliyotulia hujitenga, maji meupe juu na tope la njano chini, na kukiua kunahitaji joto la karibu nyuzi 90, kubwa kuliko linalohitajika kuua vijidudu vingi. Nilinunua chupa tatu kwa siku tatu tofauti nikazipanga kwenye friji yangu. Mbili zilibaki na ukungu wake. Ya tatu ilijitenga usiku uleule, mstari ukiwa umenyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Mnunuzi yeyote anaweza kutumia kipimo hiki bila senti moja: chupa ya juisi ya machungwa inayodaiwa kuchemshwa na ambayo imejitenga hivyo, huenda haikufika kwenye moto wa kutosha.

La pili ni zito zaidi, na ndilo lililonifanya nisite kuisifu juisi ya kuchemsha kwa wiki kadhaa. Chupa zilizokuwa zikitumika ni zile nyepesi za plastiki, za aina ya chupa za maji ya kunywa, na chupa hizo zikimiminiwa kitu cha moto hujikunja na kusinyaa. Kwa hiyo juisi iliachwa ipoe ndani ya sufuria, wazi, saa moja na nusu, ikifunikwa kwa kitambaa wakati mwingine na wakati mwingine isifunikwe, kisha ikachotwa kwa jagi na kutiwa chupani kwa mkono. Ni kama mtu aoge vizuri kisha avae nguo chafu alizovua. Faida yote ya moto kwa usalama ilikuwa inapotea pale kwenye jagi, na hasara ya hewa kwa vitamini ilikuwa inaongezwa palepale. Na mteja aliyewahi kulazwa kwa homa ya matumbo, yule aliyekuwa anajitetea kwa yule kijana, alikuwa analipa shilingi 500 za ziada kwa ulinzi ambao ulikwishavuja.

Hili la usalama si la kubezwa, hata kwa mtu anayeamini kwamba ukali wa tunda unatosha kuua wadudu. Mwaka 1996 nchini Marekani juisi ya tufaha isiyopitishwa kwenye moto ilisambaza bakteria hatari wa aina ya E. coli O157:H7, watu zaidi ya 60 wakaugua na mtoto mmoja akafariki. Tufaha ni kali kuliko embe, na bakteria hao waliishi humo. Kutokana na mkasa huo na mingine, mamlaka ya chakula ya nchi hiyo ilitoa kanuni mwaka 2001 zinazowataka watengenezaji kupunguza vijidudu katika juisi hadi asalie mmoja kati ya 100,000, ila wauzaji wa glasi papo hapo dukani wakaachwa nje ya sharti hilo. Hapa kwetu adui mkubwa zaidi hayuko hata ndani ya tunda. Yuko kwenye maji ya kuzimulia, kwenye barafu, na kwenye ndoo inayosuuza glasi. Aliyekuwa Dar es Salaam kipindupindu kilipolipuka Agosti 2015 hahitaji kuelezwa. Katika duka hili maji ya kuzimulia yanachemshwa na glasi zinaoshwa kwa maji ya bomba yanayotiririka, jambo ninalolipa alama za juu. Barafu, hata hivyo, inanunuliwa nje, nami huagiza glasi yangu bila barafu.

Kuhusu matunda yenyewe, sishauri mtu achague upande mmoja wa kaunta na kuung'ang'ania. Embe la kuchemsha la duka hili ni bora kuliko la papo hapo, na nasema hivyo kwa lishe na kwa ulimi pia: ni zito, karotini yake haina hofu ya moto, na harufu ya embe dodo huvumilia sufuria. Ukwaju hauna ubishi, kwa sababu hata nyumbani tunauloweka kwa maji ya moto. Ubuyu ningeusihi usipikwe kabisa. Unga wake una vitamini C nyingi kuliko machungwa, na tayari ni mkavu. Kuukoroga katika maji yaliyochemshwa kisha yakapozwa kunatosha, lakini hapa unapikwa na sukari mpaka unakuwa kama uji mwepesi.

Pasheni ni kisa cha peke yake. Juisi yake ina wanga, na wanga ukipata moto huvimba, hivyo juisi huanza kuwa nzito na kushika chini ya sufuria; hata viwandani pasheni husumbua mitambo kwa sababu hiyohiyo. Mpishi anayeona inashika huongeza maji, na kukoroga, na kuendelea kuchemsha, na katika hangaiko hilo ile harufu kali inayopenya puani, ambayo ndiyo sababu ya mtu kununua pasheni, inapaa na mvuke. Chupa ya pasheni niliyoinunua ilikuwa na rangi nzuri na harufu ya maji ya limau ya jana. Pasheni inywewe ya papo hapo, kwa mtu anayeyaamini maji ya duka, au isinunuliwe.

Wanaoikimbia sufuria ya mama huyu na kwenda kununua boksi dukani wafahamu kwamba boksi nalo limepita motoni, ila kwa sekunde chache na bila kukutana na hewa, na kwamba karatasi ya alumini iliyo ndani ya boksi huzuia mwanga na hewa kwa namna ambayo chupa ya plastiki haiwezi. Kwa upande wa moto, basi, boksi limehudumiwa vizuri kuliko chupa ya Ngamiani. Kasoro yake iko kwenye maandishi madogo: neno "nekta" linamaanisha tunda lililoongezwa maji na kwa kawaida sukari, na maneno "asidi askobiki" yanamaanisha kwamba vitamini C, yote au sehemu yake, imetiwa baadaye. Kwa mwili vitamini hiyo ni ileile. Kwa mfuko, mtu ajue analipia tunda kiasi gani.

Na sukari, ambayo wateja wote wawili waliisahau katika ubishi wao, haiguswi na moto wala baridi. Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari ya juisi, hata ile isiyoongezwa kijiko, pamoja na sukari zinazopaswa kubaki chini ya sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima. Mililita 350 za juisi ya embe au chungwa hubeba zaidi ya nusu ya kiasi hicho kabla muuzaji hajaongeza chochote, na duka hili huongeza, isipokuwa ukisema mapema.

Nilimweleza mama yale niliyoyaona, nikiogopa kidogo kwamba atanuna. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, hicho kipimajoto kinauzwa wapi, na ni cha kuning'iniza au cha kushika?" Nilipopita wiki iliyopita kilikuwa kimefungwa kamba kwenye mkono wa sufuria, sufuria yenyewe imebadilishwa kutoka ile ya alumini na kuwa ya chuma kisichoshika kutu, na chupa za plastiki zimeondolewa. Sasa anamimina juisi ingali moto kwenye chupa za glasi mpaka shingoni, anafunga, anailaza chupa ili moto uguse kifuniko kwa ndani, kisha anaipitisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kabla ya beseni la maji baridi. Alinionyesha vipande vya chupa mbili zilizopasuka siku aliyoruka beseni la kwanza. Bei ya kuchemsha imefika shilingi 2,300, na anayetaka kuondoka na chupa anaacha amana ya shilingi 500. Nilichukua chupa mbili za embe. Akiba ya dirishani bado ipo, ingawa safari hii imefunikwa kwa kanga.